Kupeleka maji ya kunywa hadi banda la mabibo: mwongozo kamili

Nyumbani kwangu Mangamba, nje kidogo ya katikati ya mji wa Mtwara, banda ninalokamulia mabibo, yale matunda ya mkorosho, lipo nyuma ya nyumba, mita 35 kutoka kwenye dira ya maji. Msimu wa kwanza nilizidharau hizo mita 35. Nilinunua mpira wa kumwagilia bustani, nikauchomeka kwenye bomba la uani, nikautandaza mchangani kupita chini ya mwembe, na ncha yake nikaitumbukiza kwenye pipa. Mvinyo wa msimu ule niliumwaga shimoni ndoo kwa ndoo. Ulinuka mpira, na harufu ya mpira ikipita ulimi unabaki na ladha ya dawa ya kuoshea vidonda. Maji yaliyopita kwenye dira hayakuwa na kosa lolote. Niliyaharibu mimi, njiani.

Ndiyo maana mwongozo huu karibu wote unazungumzia njia. Nimeuandika kwa ajili ya mvinyo wa mabibo, ule ambao wazee wetu wanauita uraka, lakini asiyegusa kileo naye asiuache. Juisi ya mabibo, rozela na togwa zinahitaji maji yaleyale, na zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu mara nyingi maji ya mwisho kuongezwa hayapiti tena motoni. Kupika gongo au nipa ni habari nyingine: sheria inakataza kufanya hivyo bila leseni na mimi sifundishi. Ukitaka kuuza kinywaji cha kuchachua, hata mvinyo, ulizia leseni halmashauri kabla ya kuchimba mtaro.

Nianze na jambo ninalolisikia kila msimu: kwamba pombe inaua vijidudu, kwa hiyo maji yoyote yanafaa. Si kweli. Mwanzoni mwa kuchachua kileo hakipo au ni kidogo sana, na hata mvinyo ukikomaa kileo chake ni kidogo mno kulinganisha na kile cha kusafishia mikono. Tena maji ya mwisho kugusa chupa na mipira ya kuhamishia mvinyo ni ya kusuuzia, si yale uliyochemsha. Kipindupindu na homa ya matumbo vinapita hapo hapo.

Hatua ya kwanza: jua maji yako yanatoka wapi

Mtwara mjini wengi wetu tunatumia maji ya mamlaka ya maji, yanayovutwa kutoka visima virefu vya Mtawanya. Lindi mjini sehemu kubwa ya maji inatoka Ng'apa. Maji ya mamlaka yakifika kwako huwa na klorini kidogo iliyobaki, nayo ndiyo mlinzi wako. Kiwango kinachotakiwa bombani kwa mtumiaji ni angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ukipata karatasi za kupimia, au kile kipimo cha matone wanachotumia wenye mabwawa ya kuogelea, pima mara moja bombani kwenye dira, na ukishamaliza kazi pima tena bandani. Namba hizo mbili zikikaribiana, njia yako ni safi. Ya bandani ikishuka hadi sifuri, kuna kitu njiani kinakula klorini, na mara nyingi kitu hicho ni uchafu.

Kisima cha uani kina mambo yake. Shangani, Mikindani na popote karibu na pwani, maji ya kisima kifupi huwa na chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Unapochemsha mvuke unaondoka na chumvi inabaki, kwa hiyo inazidi. Juisi ya maji ya chumvi haina dawa. Kisima chenye choo ndani ya mita 30 usikitumie kwa kinywaji, hata maji yawe meupe kama kioo.

Halafu kuna chuma. Kisima chenye madini ya chuma, au bomba la chuma lililoshika kutu ndani, lina hasara ya pekee kwa watu wa mabibo. Ule ukakasi wa bibo ni tanini, na tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi kama wino. Kipimo chake kipo jikoni: chemsha chai ya rangi kali kwa maji hayo, na nyingine kwa maji ya chupa. Ya kwanza ikiwa nyeusi tititi na ya pili ina wekundu wake wa kawaida, ujue chuma kipo, na juisi yako itafanya vivyo hivyo.

Kama unatumia kisima au maji ya mvua, usiishie kwenye macho na ulimi. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Mtwara. Nenda kwanza uchukue chupa yao iliyotakaswa. Usitumie chupa ya soda uliyoisuuza mwenyewe. Chota, weka kwenye ndoo yenye barafu, ufikishe maabara ndani ya saa sita. Jibu unalotaka kuona kwa vijidudu vya kinyesi ni sifuri katika mililita 100. Hakuna "kidogo tu" hapo.

Hatua ya pili: pima kabla hujanunua

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua bomba la karibu na dira hadi mwisho na uhesabu sekunde. Kwangu ndoo hujaa kwa sekunde 80 hivi, yaani lita 15 kwa dakika. Fanya hivyo asubuhi na jioni, maana presha ya mji hubadilika.

Kisha pima urefu wa njia bomba litakapopita, si mstari wa ndege, na uangalie kama ardhi inapanda. Kila mita 10 za kupanda zinakula baa moja ya presha. Kwa maji ya mamlaka yenye nguvu hilo si tatizo. Anayetegemea tenki juu ya mnara ndiye anayetakiwa kupiga hesabu. Tenki lililo mita 3 juu linakupa mita 3 za msukumo, basi. Ukitaka lita 12 kwa dakika zipite kwenye bomba la milimita 25 kwa urefu wa mita 35, msuguano unachukua kama sentimita 85 za msukumo huo. Ukibana matumizi ukachukua bomba la milimita 20, msuguano unapanda hadi karibu mita 2 na sentimita 70. Maji yatafika bandani yakiwa yamechoka, yanachuruzika. Kwa hiyo chukua la milimita 25, lile linaloitwa la robo tatu. Tofauti ya bei utaisahau, lakini kusimama kungoja ndoo moja ijae hutakusahau.

Hatua ya tatu: bomba gani

Chagua bomba jeusi la plastiki ngumu linalouzwa kwa roli, lenye mistari ya bluu pembeni. Mstari wa bluu maana yake limetengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Soma maandishi yaliyochapwa juu yake: yawe na HDPE au PE100, kipenyo cha milimita 25, PN10 (yaani linahimili presha ya baa 10) au zaidi, na alama ya TBS, shirika la viwango. Uzuri wa roli ni kwamba mita 35 zinapita bila kiungio hata kimoja ardhini, na kiungio kilichofukiwa ndicho mahali pa kwanza pa kuvuja. Bomba linapovuja, siku maji yakikatika tundu hilohilo linageuka mdomo unaonyonya tope.

Mpira wa bustani ulaumiwe kwa haki. Haukutengenezwa kwa ajili ya kinywaji. Plastiki yake laini inaachia harufu kwenye maji, na ukilala juani mchana wa Oktoba maji yaliyomo yanakuwa ya moto, klorini inakwisha, na utelezi wa kijani unaota ndani. Usiutumie hata kwa "mara hii moja". Bomba la kupitishia nyaya za umeme nalo si la maji, ingawa nimeona likitumika.

PVC ya gundi inafaa kama itafukiwa yote. Ikibaki juani inakuwa kavu na kupasuka. PPR, ile inayounganishwa kwa mashine ya moto, ni nzuri kwa kupanda ukutani bandani. Bomba la chuma silishauri kwa upepo wetu wa chumvi, na habari ya wino nimeshaieleza.

Orodha yangu ya dukani ilikuwa hivi: roli la mita 50 (zilizobaki zilinifaa baadaye), viungio vya kubana vya milimita 25, koki mbili za mpini, valvu moja ya njia moja, yunioni moja (kiungio kinachofunguka bila kukata bomba), tii mbili (viungio vya njia tatu) na koki ndogo ya kumwagia maji, bomba la ukutani la shaba nyeupe, na tepu nyeupe ya uzi. Nunua viungio duka moja na bomba. Nilichanganya nikalazimika kurudi mjini mara mbili.

Hatua ya nne: zuia maji yasirudi

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanaporuka.

Fundi wangu ni kijana mwenye mikono mizuri. Alipofika alitazama akasema, "Mama, hii kazi ya saa mbili tu. Tunaunga hapa, tunatokezea kule." Nikamuuliza, "Mwanangu, maji yakikatika saa hiyo mdomo wa bomba umo ndani ya pipa la juisi, itakuwaje?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Yatarudi, Mama."

Ndivyo ilivyo. Presha ikiwapo maji yanasukumwa kuja kwako. Mamlaka wakifunga laini kwa matengenezo, au mtaa mzima wa bondeni ukifungua mabomba kwa pamoja, bomba lililokuwa linasukuma linaanza kunyonya. Ncha ikiwa imezama kwenye pipa, kilichomo pipani kinapanda bombani na kuelekea nyumbani, na kinaweza kufika kwa jirani. Pipa likiwa na mabibo yanayochacha ni aibu. Likiwa na maji ya sabuni ya magadi uliyooshea vyombo ni hatari.

Kinga ziko mbili na zote mbili ziwepo. Ya kwanza ni valvu ya njia moja. Ifunge mara baada ya tawi linapotoka kwenye laini ya nyumba, mshale wake ukielekea bandani. Mpangilio wangu kutoka kwenye dira ni huu: tii, halafu koki ya kufungia, halafu valvu ya njia moja, halafu yunioni. Yunioni ikae baada ya valvu, sentimita 60 hivi juu ya ardhi, kwa sababu utaihitaji siku ya kutakasa bomba. Usifunge chochote kabla ya dira. Huko ni mali ya mamlaka, na kugusa ni kosa. Kama dira yako haina nafasi ya kutolea tawi, nenda ofisi ya mamlaka uwaeleze.

Ya pili haina gharama: nafasi ya hewa. Mdomo wa bomba la bandani ubaki juu ya ukingo wa chombo kwa angalau sentimita 5, siku zote, hata chombo kikijaa hadi kumwagika. Valvu ina springi na raba, na kachanga kadogo kakikwama inabaki wazi. Nafasi ya hewa haikwami. Ndiyo maana bomba langu la bandani ni lile lisilo na uzi wa kuchomekea mpira. Mtu akitaka kuchomeka mpira hawezi, hata mimi mwenyewe nikichoka.

Hatua ya tano: mtaro

Chimba sentimita 60, yaani karibu futi mbili. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji. Kina hicho ni kwa ajili ya jembe, joto la jua na magurudumu. Gari au guta likipita juu, ongeza hadi 80. Mchanga mwekundu wa Mangamba unachimbika vizuri, lakini Mikindani na sehemu za Lindi utakutana na mawe ya matumbawe, na jiwe lenye ncha linatoboa bomba polepole kwa miaka. Toa mawe, mwaga mchanga safi sentimita 10 chini, laza bomba, mwaga mwingine sentimita 10 juu, ndipo urudishe udongo.

Pita mbali na karo la choo na shimo lake la maji machafu, angalau mita 3. Ikibidi kukatiza bomba la maji machafu, lako lipite juu yake na pasiwe na kiungio hapo. Mizizi ya mwembe izunguke. Ukiikata mti utaudhika, na mingine itaota kuelekea kwenye unyevu.

Ziba ncha zote mbili za bomba kwa tepu kabla hujalikunjua, na usizibandue hadi dakika ya kuunga. Siku roli letu lilipolala nje usiku bila kuzibwa, asubuhi alitoka chura.

Plastiki hii inarefuka juani. Mita 35 zikipata moto wa nyuzi 20 zaidi zinaongezeka kama sentimita 12, na zikifukiwa zikapoa zinajivuta. Ukilaza bomba limenyooka mchana wa jua, usiku linavuta viungio vyake. Kwa hiyo lilaze asubuhi au jioni, tena lijinyonge kidogo mtaroni kama nyoka.

Kata ncha kwa kisu cha mabomba au msumeno mwembamba, iwe wima kabisa, na uparue ukali wa ndani na nje. Pima kina cha kiungio, weka alama ya kalamu kwenye bomba, sukuma hadi alama ipotee, ndipo ukaze. Wengi wanakaza bomba likiwa limeingia nusu.

Usifukie bado. Funga bomba la bandani, fungua la kwenye dira, funga mabomba yote ya nyumba, na uandike namba za dira. Ziache usiku kucha. Asubuhi namba zikiwa zilezile, na kile kigurudumu kidogo cha dira kimetulia, fukia. Ukishafunika nusu, tandaza kipande cha plastiki chenye rangi kali njia nzima ili anayekuja kuchimba baadaye aone kabla jembe halijafika.

Hatua ya sita: ndani ya banda

Bomba linapotoka ardhini lisionekane na jua. Livishe bomba kubwa zaidi la PVC, ujazie mchanga katikati. Weka koki ya pili hapo chini, na koki ndogo ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa, ili msimu ukiisha uweze kukausha bomba lote. Maji yanayolala miezi minane bombani si ya kunywa tena.

Sakafu iwe ya saruji na ielekee kwenye mfereji, mfereji uelekee nje. Ukiona maji yanatuama chini ya bomba, umepeleka maji safi kwenye kiota cha mbu na inzi. Bomba la ukutani likae juu ya karo kwa kimo ambacho ndoo ya lita 20 inapita chini yake na nafasi ya hewa inabaki.

Kuhusu machujio: la uzi mweupe la maikroni 5 linashika mchanga na kutu, na linafaa hasa siku maji yanaporudi baada ya kukatika. La mkaa linaondoa klorini na harufu. Lakini lifahamike vizuri kwamba hakuna hata moja kati ya hayo mawili la kuaminiwa kuondoa vijidudu. Baada ya mkaa maji hayana klorini, hayana mlinzi. Yatumie saa ileile. Usiyaweke kwenye tenki.

Hatua ya saba: takasa bomba kabla ya tone la kwanza la kunywa

Bomba jipya lina vumbi la kiwandani, mchanga wa dukani na mikono ya watu. Kwanza lioshe: fungua maji yakimbie kwa nguvu dakika kumi, ndoo kadhaa, mpaka yawe meupe.

Kisha hesabu ujazo. Bomba la milimita 25 lina lita moja kwa kila mita 3 hivi, kwa hiyo mita 35 zina lita 11 na nusu. Ndoo moja ya lita 20 inatosha. Chukua dawa ya kuweupisha nguo isiyo na manukato wala rangi. Nyingi zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kwa nguvu hiyo, mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kwenye lita 20 za maji safi zinakupa karibu miligramu 50 za klorini kwa lita.

Funga koki ya kwenye dira. Fungua yunioni. Weka ndoo juu ya ngazi, juu zaidi ya bomba la bandani, na kwa kipande kifupi cha bomba jipya uyateremshe maji ya dawa kupitia yunioni. Mtu mwingine asimame bandani bomba likiwa wazi. Akisikia harufu kali ya klorini, afunge. Funga yunioni na uache usiku mzima. Andika kwenye karatasi kubwa MAJI HAYA YANA DAWA na uibandike kwenye bomba. Watoto wanakimbilia bomba jipya. Asubuhi mwaga na usuuze hadi harufu ibaki ile ya kawaida ya maji ya mamlaka. Ya kwanza usiyamwagie mchicha.

Tahadhari moja isisahaulike: dawa hiyo usiichanganye na siki, ndimu, wala dawa ya choo. Inatoa gesi inayoua, na banda ni dogo.

Klorini inayokulinda ndiyo inayoharibu ladha

Hili lilinichukua muda kulielewa. Ile ladha ya dawa ya vidonda haikutoka kwenye mpira peke yake. Klorini ikikutana na vitu vya jamii ya tanini inatengeneza kitu chenye ladha kali ya hospitali, na ulimi unakisikia hata kikiwa chembe. Bibo limejaa tanini. Kwa hiyo bombani tunaitaka klorini, pipani hatuitaki, na kazi ya kuiondoa ifanyike katikati, kwenye sufuria.

Mimi huchemsha. Kuua vijidudu kunahitaji dakika moja tu ya kuchemka kwa nguvu, lakini mimi huacha dakika 15 sufuria ikiwa wazi ili klorini iruke. Kisha nafunika na kuacha yapoe humohumo. Sihamishii kwenye chombo kingine hadi saa ya kutumia.

Asiye na kuni za kutosha anaweza kutumia potasiamu metabisalfaiti ya daraja la chakula. Yeyusha gramu 1 kwenye lita 1 ya maji, tumia mililita 100 za maji hayo kwa kila lita 20, koroga, subiri dakika chache. Inaondoa klorini, lakini kwa kipimo hicho haitakasi maji, kwa hiyo ni kwa maji ambayo tayari ni salama. Mwenye pumu anaweza kudhurika nayo, mwambie anayekunywa.

Kila asubuhi ya kazi mwaga ndoo moja ya kwanza. Ni zile lita 11 na nusu zilizolala bombani. Mimi humwagia mipapai. Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache yakimbie hadi yatulie na yawe meupe, hata kama ni ndoo tano.

Kama maji yako ni ya mvua

Juu huko kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ya bomba yanapandishwa kutoka bonde la Kitangari kwa gharama, na nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kuvunia mvua. Kwao bomba ni lilelile na mtaro ni uleule, lakini chanzo kina jambo ambalo sijaona likisemwa.

Kuanzia Juni hadi Septemba tunapulizia mikorosho salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga ule haubaki mkorosho tu. Unaelea, unatua juu ya bati, na unakaa huko miezi yote ya kiangazi pamoja na vumbi, kinyesi cha ndege na mabaki ya dawa nyingine za mikorosho. Mvua ya kwanza inauteremsha wote kisimani, nayo inakuja wakati mabibo bado yanaanguka. Salfa ikiingia kwenye kinachochacha, hamira inaigeuza harufu ya yai viza. Miaka miwili nililaumu hamira bure.

Kwa hiyo mvua ya kwanza kubwa usiikinge kabisa. Geuza mfereji wa bati umwage nje. Baada ya hapo, kila mvua, tupa milimita ya kwanza: bati la mita 40 za mraba hutoa lita 40 kwa milimita moja, ndoo mbili. Mabibo yenyewe nayo yaoshwe vizuri kwa maji ya bombani kabla ya kukamuliwa, kwa sababu hiyohiyo.

Maji ya tenki hayana klorini, kwa hiyo uiweke wewe. Kwa lita 1,000 za maji yasiyo na tope, mililita 57 za dawa ileile ya asilimia 3.5 zinatoa miligramu 2 kwa lita. Koroga, subiri nusu saa, pima: ukikuta chini ya 0.2, ongeza nusu ya kipimo, usubiri na kupima tena. Kwa ndoo moja moja, vidonge vya kutibu maji vya duka la dawa vinafaa. Fuata maelezo ya pakiti. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwa sababu klorini inaishia kwenye tope kabla haijafika kwenye vijidudu.

Kila mwanzo wa Septemba, kabla bibo la kwanza halijaanguka, mimi hufungua koki ya chini, naosha bomba, narudia ule utakasaji wa usiku mmoja, na kufungua valvu ya njia moja kuangalia raba yake. Mwaka jana nilikuta punje ya mchanga imekaa kwenye springi. Niliiosha, nikairudisha, nikabandika tena ile karatasi kubwa kwenye bomba hadi asubuhi.